Jiko Hili Ni Zuri kwa Nani?

Mazungumzo na wanafunzi wa gredi ya 5 na ya 6, uwanjani mwa shule, Mombasa

Hamjambo wanangu? Mimi sijambo. Marahaba, marahaba. Kaeni hapa kivulini. Wa mbele kaeni chini ili wa nyuma nao waone. Ule mstari wa chokaa asiuvuke mtu, kwa sababu mbele yake kuna moto, na huo moto ndio tuliokuja kuutazama.

Mnaona majiko mawili. La kushoto ni la bati tupu. Fundi amelikata kutoka kwenye pipa, akalikunja, akalipaka rangi ya fedha, linang'aa. La kulia nalo ni la bati kwa nje, ila kwa ndani limevishwa udongo uliochomwa, na kiuno chake kimebanwa katikati mfano wa ngoma. Rangi yake imebanduka, na mguu mmoja umepinda kidogo. Kabla hatujapima chochote, niambieni: lipi zuri? Inueni mikono. La bati? Wengi. La udongo? Sita, saba. Wewe uliye nyuma, kwa nini la bati? Kwa sababu ni jipya na linang'aa. Haya, ahsante, umesema ulichokiona.

Kila jiko nimelitia nusu kilo ya makaa kutoka gunia moja. Kila sufuria ina lita mbili za maji ya bomba. Moto niliuwasha kabla hamjafika, nikateleka sufuria zote mbili kwa wakati mmoja, na kiranja wenu ndiye mwenye saa.

Sikilizeni. Maji ya kushoto hayo, yanatokota! Dakika ngapi? Kumi na sita. Ya kulia bado, yanatoa mvuke tu. Nasikia makofi. Basi la bati limeshinda, tukusanye vitu turudi darasani?

Naam, binti wa mstari wa pili. Simama mwanangu, useme kwa sauti. Mmemsikia? Anasema sufuria ya kushoto imefunikwa, na ya kulia iko wazi.

Mpigieni yeye makofi, jiko liacheni. Kile kifuniko nilikiondoa kwa kusudi, nikakaa kimya nikingoja nione kama kuna jicho litakaloona. Sufuria iliyo wazi hupoteza joto jingi kwa mvuke. Tulidhani tunashindanisha jiko na jiko, kumbe tulikuwa tunashindanisha sufuria yenye kifuniko na isiyo nacho. Na sisi tulishatoa hukumu.

Nini kingine hakiko sawa? Upepo, kweli. Huu ni msimu wa kusi, upepo unaingia kwa lango lile, jiko la kulia linaupokea wote na la kushoto limekingwa na ukuta. Nini tena? Sufuria moja ina masizi na nyingine nyeupe, ndiyo. Ukubwa wa makaa? Vizuri sana, kwa sababu vipande vidogo huwaka upesi na vikubwa hukawia. Mnaona? Kuna mambo manne na mimi nilitayarisha moja tu.

Tunaanza upya. Mwalimu wenu amenisaidia kuwasha makaa kwenye jiko la tatu kule pembeni. Tunamwaga yote ya zamani, tunatia makaa yaliyokwisha kushika moto, nusu kilo huku na nusu kilo huku, vipande vya ukubwa mmoja. Majiko yote mawili nyuma ya ukuta. Sufuria mbili za aina moja, zote mpya, zote zimefunikwa. Na safari hii tuna mizani, hii ya kupimia nafaka dukani. Tutapima jiko zima pamoja na moto wake kabla ya kuteleka, na maji yakitokota tutalipima tena. Kiasi kilichopungua ndicho kilicholiwa. Someni: la bati kilo 2 na gramu 310. La udongo kilo 4 na gramu 850. Andikeni.

Ngoja kwanza, sijateleka. Tunapima nini? Lazima tukubaliane sasa hivi, tukiwa hatujui nani atashinda. Tukingoja hadi tuone matokeo, kila mmoja atachagua kipimo kinachombeba jiko lake. Wewe unasema dakika. Wewe makaa. Nani hapa kwao wananunua makaa kwa mkebe? Wengi hivyo! Na nani aliwahi kumsikia mama akilalamika kwamba maji yamechelewa kuchemka dakika mbili? Mmoja. Nani aliwahi kumsikia akilalamika kwamba makaa yamekwisha mchana na yalinunuliwa asubuhi? Haya, basi kwenye ubao naandika MAKAA juu, DAKIKA chini yake. Zote tutaziandika, lakini ya kwanza ndiyo tutakayoihukumia. Teleka. Anza saa.

Maji yakiwa motoni nitawaambia hili jiko lenye kiuno limetoka wapi, maana halikuanza hivi.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati, yaani kuhusu kuni, makaa, jua, upepo na vitu vya namna hiyo. Wakati ule mijini kwetu karibu kila nyumba inayopikia makaa ilikuwa na jiko la bati tupu, kama hili la kushoto. Miaka iliyofuata watu wa Kenya walianza kutafuta jiko lililo bora zaidi. Wengine walikwenda mpaka Thailandi, ambako watu walikuwa wakipikia jiko la ndoo lililojazwa udongo ndani, kutoka juu hadi chini. Wazo wakalileta nyumbani.

Lilipofika huku likapasuka. Bati likipata joto hupanuka, na udongo nao hupanuka, lakini haupanuki kwa kiasi kilekile. Ukiwabana hawa wawili pamoja pasipo nafasi, mmoja atavunjika, na bati halivunjiki. Mafundi na wahandisi wakarudi mezani mara nyingi. Mwishowe wakalipa bati umbo la kiuno, udongo ukawekwa nusu ya juu tu, pale moto unapokaa. Katikati ya udongo na bati wakatia saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayobanduka kama magamba ya samaki, ili joto lisitoroke na udongo upate nafasi ya kupanuka kidogo. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, ndio waliolipiga nyundo hata likawa kitu cha sokoni. Mwanzoni lilikuwa ghali. Baadaye waliojua kulitengeneza wakawa wengi na bei ikashuka. Wakaliita jiko la udongo la Kenya, na sasa watu wanalitengeneza katika nchi nyingi za Afrika.

Njoo wewe, na wewe. Kaeni hapa karibu na mstari, nyosheni mkono ubavuni mwa majiko, msiguse, shubiri mbili mbali. Mnahisi nini? La bati linachoma, la udongo vuguvugu. Joto hilo unalolihisi mkononi halikwenda kwenye maji. Mama amelinunua kwa mkebe, nalo limekwenda kuupasha ukuta na miguu yake. Waliolipima jiko hili la udongo likiwa limetengenezwa sawasawa wamekuta linapunguza makaa kwa thuluthi moja hivi, na mara nyingine karibu nusu.

Nimesema likiwa limetengenezwa sawasawa. Nimekuja na vyungu viwili vya ndani, vimetolewa kwenye majiko yake. Kwa macho ni pacha. Nyamazeni nivigonge kwa kifundo cha kidole. Hiki... mmesikia? Kinalia kama kengele ndogo. Hiki cha pili... pu. Kama kugonga boga. Cha kwanza kimechomwa tanurini mpaka kikaiva. Cha pili kimepitishwa motoni haraka haraka ili kiuzwe. Hiki cha pili kilikuwa changu, nilikinunua barabarani pamoja na jiko lake, muuzaji akaniapia, na jiko lilikuwa limepakwa rangi ya kupendeza kuliko yote yaliyokuwa pale. Wiki ya tatu kikaanza kumeguka, vipande vinaangukia majivuni. Wazee wa pwani wana msemo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliujua msemo huo tangu nikiwa mdogo kuliko ninyi, na bado nilinunua rangi. Siku hizi nikienda kununua jiko nagonga kwanza.

Dakika ngapi sasa? Saba. Tuendelee.

Watu wanaopima majiko kama kazi yao wana mitihani mitatu. Wa kwanza ndio huu wetu, wa kuchemsha maji. Wa pili ni kupika chakula chenyewe: mpishi yuleyule, chakula kilekile, jiko hili halafu jiko lile. Wa tatu ni kulipeleka jiko nyumbani kwa watu, wakae nalo, na wewe uwe unakwenda kila siku kupima makaa yaliyobaki. Wa kwanza ndio rahisi, na ndio unaopendwa, maana unafanywa mahali pamoja na jibu linapatikana kabla ya chakula cha mchana. Wa tatu unachosha. Mimi nauheshimu wa tatu kuliko yote, na sababu yake ni bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa akichoma mahamri ya kuuza. Saa kumi ya usiku yuko macho, anga bado nyeusi, unga ameukanda tangu jana na iliki imeshanukia nyumba nzima. Alikuwa na jiko la bati, kuukuu, mlango wake umefungwa kwa waya. Mimi nikiwa nimeanza kazi hii nikamletea jiko la udongo, zuri, nililigonga mwenyewe likalia. Nilikuwa nimelipima kwa maji mara tatu, makaa yamepungua kila mara. Nikampa kwa fahari yote. Akashukuru, akaliombea baraka, akanipikia chai juu yake.

Baada ya miezi miwili nikaja asubuhi na mapema bila kumwambia. Moshi wa mafuta unatoka uani. Bibi amekaa kwenye kibao chake, na mbele yake ni lile jiko la bati la waya.

Nilitaka kumuuliza kwa nini, nikajizuia. Nikakaa chini kando yake, nikatazama mikono. Karai lake la kuchomea lina tumbo la mviringo. Juu ya jiko la bati, ambalo mdomo wake ni mpana, karai lilikaa vizuri, moto unalizunguka. Nikachukua jiko langu la udongo, likiwa baridi, nikalitia karai. Likazama. Tumbo lake likaziba chungu, likakaribia kulalia makaa. Pangewashwa moto ungekosa hewa. Nikaona pia kwamba bibi kila baada ya kutoa mahamri manane au tisa huuchochea moto ghafla, mafuta yapate nguvu, kisha huutuliza. Anafungua mlango wa chini kwa kidole cha mguu, anaufunga kwa kidole cha mguu, mikono yake imejaa unga. Jiko langu lilikuwa na mlango mgumu, wa kuvutwa kwa vidole viwili vya mkono.

Hapo ndipo nilipouliza. Akanijibu: "Jiko lako zuri mwanangu, nalipikia mbaazi kila siku. La mahamri niachie langu."

Mbaazi zinakaa motoni muda mrefu, moto mdogo, sufuria ya kitako bapa, imefunikwa. Kazi hiyo jiko la udongo linaiweza kuliko jiko lolote alilowahi kuwa nalo, na makaa aliyookoa kwenye mbaazi yalikuwa kweli. Mahamri ni kazi nyingine. Na pilau ya harusi aliipikia kuni kwenye mafiga matatu uani. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na meko matatu, na kila moja lilikuwa zuri mahali pake. Mimi nilikuwa nimepima maji, na bibi hakuwa akiuza maji ya moto.

Kuna jambo jingine hapo nataka mlishike. Ningemuuliza bibi wiki ya kwanza, "Jiko zuri?" angesema zuri sana. Sisi ni watu wa adabu. Mgeni akikuletea zawadi humwambii haikufai. Ukila kwa watu ukaulizwa chakula kimekuwaje, utasema chakula kimependeza hata kama chumvi imezidi. Kwa hiyo mtu aliyetengeneza kitu akizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza "Mmekipenda?" atarudi na furaha na hatarudi na habari. Afadhali aangalie. Jiko lina majivu ya leo au limewekwa juu ya kabati? Mlango umelegea kwa kufunguliwa, au bado una rangi ya dukani? Mpishi amelitilia jiwe chini? Jiwe lile linakuambia kwamba miguu ni mifupi, na mwenyewe hajawahi kulisema kwa mdomo.

Sasa niwape hesabu. Toeni daftari. Hii si ya jiko, ni ya bembea.

Afrika Kusini kulibuniwa pampu ya maji iitwayo PlayPump. Ni bembea ile ya duara, ya kuzunguka. Watoto wanaizungusha, wanapanda, na kuzunguka kwake kunavuta maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi juu. Watoto wanacheza, maji yanapanda. Mnaipenda? Naona nyuso. Kila aliyeisikia aliipenda. Mwaka 2006 huko Marekani serikali na wafadhili waliahidi zaidi ya dola milioni 16, lengo likiwa kuweka pampu 4,000 katika nchi za Afrika kufikia mwaka 2010.

Waliotengeneza walisema pampu moja inatosha watu 2,500. Tuseme kila mtu apate lita 15 kwa siku, ya kunywa, kupika na kuoga kwa kujibana. 2,500 mara 15? Lita 37,500, sawasawa. Walisema pia kwamba bembea ikizungushwa vizuri inatoa lita 1,400 kwa saa. Gawanyeni. Polepole, msikimbie. Nani amepata? Ishirini na sita na kitu. Karibu saa 27.

Siku ina saa ngapi?

Basi. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2009 na gazeti la Guardian la Uingereza, na ninyi mmeifanya hapa chini ya mwarobaini kwa dakika tatu. Watoto wacheze saa 27 kila siku, pasipo kulala, pasipo shule, na siku haina saa hizo. Na je, nani anakwenda kisimani alfajiri? Mama zenu na dada zenu. Alfajiri watoto wamelala. Kwa hiyo katika vijiji vya Msumbiji na Malawi, wanawake walionekana wakiisukuma bembea kwa mikono, mtu mzima ameinama anazungusha kitu kilichokatwa kwa kimo cha mtoto. Kuna mahali ambapo pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi iling'olewa ili bembea iwekwe.

Kijana, umeuliza swali zuri: je, ilikuwa mbaya kabisa? Kwenye shule yenye watoto wengi, watu wachache, na maji yaliyo karibu, inaweza kusaidia. Sitaki mtoke hapa mkiwacheka walioitengeneza, walitaka watoto wapate maji. Kinachoniuma ni kwamba swali la nani atazungusha saa kumi na moja ya alfajiri lilikuwa rahisi, na mama yeyote mwenye ndoo angelijibu. Pampu ziliwekwa kwa mamia kabla jibu lake halijasikilizwa.

Dakika? Kumi na tatu. Sikieni, vifuniko vyote viwili vinaanza kucheza.

Kabla havijatokota, niambieni kwa nini leo tuko nje. Tungeweza kufanyia haya ukumbini, kuna feni. Makaa hayatoi moshi mwingi kama kuni, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ikiwa chumba kimefungwa, kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu, usingizi, na mtu anaweza asiamke. Mizani yetu hii haioni hewa hiyo. Jiko linaweza kupata alama zote za kuokoa makaa na bado likaua watu chumbani usiku wa baridi. Kwa hiyo pale ubaoni, chini ya MAKAA na DAKIKA, naongeza HEWA, na naiandika kwa chaki nyekundu kwa sababu hatuna chombo cha kuipima leo, na kutokuipima hakuifanyi isiwepo. Jiko la bati, la udongo, la aina yoyote: halilali chumbani na watu. Rudieni. Tena.

Haya, hayo! La kushoto limetokota. Dakika? Kumi na nne. Mwalimu, tafadhali shusha sufuria, liweke jiko kwenye mizani. Kilo 2 na gramu 120. La kulia... bado kidogo... sasa! Dakika kumi na tano. Nalo liweke. Kilo 4 na gramu 720. Toeni. Nani wa kwanza? La bati limekula gramu 190. La udongo gramu 130. Tofauti gramu 60, karibu thuluthi moja.

Kwa dakika limeshinda la bati, kwa dakika moja. Kwa makaa limeshinda la udongo. Na sisi tulisema tutahukumia nini? Makaa. Mnaona faida ya kuandika mapema? Kuna watu hapa nyuma tayari walikuwa wanaanza kuniambia dakika ndiyo muhimu. Nawaona, mmeshangilia bati tangu asubuhi.

Naam, binti wa kifuniko. Unasema? ... Anasema tumepima mara moja tu, pengine ni bahati. Na kwamba sisi tulichemsha maji, lakini kwao wanapika chapati.

Sina la kumwongezea. Mwalimu, naomba haya majiko mawili na mizani vibaki shuleni wiki hii. Kesho na keshokutwa mtachemsha tena, nje hapahapa, mkiwa na mwalimu, mara mbili nyingine. Ijumaa mama wa jikoni atapika chapati ishirini kwenye hili na ishirini kwenye lile, na ninyi mtakaa upande mtazame mikono yake, msimuulize kama jiko ni zuri mpaka amalize. Daftari la vipimo atalishika binti huyu. Anza kwa kuchora mistari mitatu, mwanangu, makaa, dakika, hewa, na uache nafasi kubwa pembeni, kwa sababu mama wa jikoni atafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria na utataka mahali pa kuliandika.

Majivu msiyamwage bado, chini yake kuna moto.